Fedha ya Matangazo katika Tovuti
Somo la redio kwa vikundi vya watu wazima

Kama ilivyo desturi yetu, katibu wa kila kikundi awe na kalamu na karatasi, kwa kuwa leo tuna hesabu ya kufanya.

Somo letu limetokana na barua ya kikundi kimoja cha Chitete, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Wanakikundi wanatueleza kwamba kijana wao amevuna magunia mawili ya ufuta. Mtu mmoja huko Tunduma amemwambia auze ufuta wote na kumpa fedha, naye atamfungulia tovuti katika intaneti. Matangazo yatakuja yenyewe, na fedha itaingia kila mwezi, hata kijana akiwa amelala. Baba yake amekataa. Mama yake anasema mtoto aachwe ajaribu. Wanatuuliza: nani kati yao anasema kweli?

Ndugu zangu, wote wawili wana sehemu ya ukweli. Kazi hiyo ipo, na wako watu wanaopata riziki kwayo. Lakini ahadi ile ya fedha kuja mtu akiwa amelala, hiyo si kweli. Sikilizeni sasa tueleze kwa nini.

TANGAZO HUINGIAJE KATIKA TOVUTI?

Mnajua ukuta wa duka lililo kando ya barabara kuu. Kampuni ya sabuni huja kwa mwenye duka, ikamwomba ipake rangi na jina lake ukutani, ikamlipa. Hailipi kwa sababu ukuta ni mzuri. Inalipa kwa sababu watu wengi hupita pale. Ukuta huohuo ukijengwa porini, hakuna atakayeutaka.

Tovuti ni ukuta wa namna hiyo, ila wapita njia wake ni wasomaji wenye simu. Jambo hili si geni. Tarehe 27 Oktoba 1994, tovuti ya HotWired ya Marekani ilionyesha matangazo ya picha, na kampuni ya simu ya AT&T ilikuwa miongoni mwa waliolipia. Mwaka 2003 kampuni ya Google ilianzisha AdSense, ambayo ni dalali kati ya wenye bidhaa na wenye tovuti. Tangu hapo hata mtu mwenye tovuti ndogo aliweza kupata matangazo bila kumjua mwenye bidhaa.

Dalali huyu hufanya kazi kama mnada wa ng'ombe. Msomaji anapofungua ukurasa, nafasi ya tangazo hunadiwa papo hapo na mashine, kwa muda usiofika sekunde moja. Anayetoa bei kubwa kwa kawaida ndiye anayepata nafasi. Ukurasa wa msomaji aliye katika nchi tajiri mara nyingi hupata bei kubwa kuliko wa msomaji wa kwetu, maana wanaotaka kumuuzia yule ni wengi na wana fedha nyingi. Kisha dalali huchukua ushuru wake. Mwenye bidhaa akilipa dola 100 kwa njia ya Google Ads, mwenye tovuti hubakiwa na kama dola 68.

TUFANYE HESABU

Katibu, andika. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kurasa 1,000 zikifunguliwa, kijana wetu hupata nusu dola. Tuseme pia amejitahidi, na kila siku watu 200 husoma tovuti yake, kila mmoja kurasa mbili. Hizo ni kurasa 400 kwa siku.

Sasa, AdSense haimlipi mtu mpaka fedha yake ifike dola 100. Ili afike huko, anahitaji kurasa 200,000. Gawanya kwa 400. Jibu ni siku 500, yaani mwaka mmoja na zaidi ya miezi minne. Kwa muda huo wote analipia vifurushi vya intaneti, na kila siku anatafuta jambo jipya la kuandika. Je, huyo amelala?

Wengine, wakiona safari ni ndefu, hutafuta njia ya mkato. Hubofya matangazo yao wenyewe, au huwaomba ndugu na marafiki wayabofye. Hilo ni kosa. Mashine za dalali huchunguza, na akaunti ikifungwa, fedha iliyokusanywa huweza kupotea yote.

Liko na jambo la posta. Fedha ikifika dola 10, Google hutuma barua yenye namba ya siri kwa anwani ya mwenye akaunti. Namba hiyo isipoingizwa katika miezi minne, matangazo husimamishwa. Basi aliye Chitete hana budi kutoa sanduku la posta lililo hai, na jina lake alindike sawasawa na lilivyo katika kitambulisho chake. Asikubali hata kidogo akaunti iandikwe kwa jina la mtu wa Tunduma. Jina la nani liko kwenye akaunti, fedha ni ya huyo.

SHERIA NAYO

Mwaka 2018 Serikali yetu ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni. Wenye tovuti na blogu walitakiwa kupata leseni ya TCRA, na gharama ya kuanza ilizidi shilingi 2,000,000. Wengi walisimama. Hata JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 na yenye wasomaji wengi sana, ilifungwa kwa muda mwezi Juni 2018. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020, na zikarekebishwa tena mwaka 2022. Kwa hiyo, kabla ya kuandika habari za nchi na siasa, nendeni TCRA mkaulize ni maudhui gani yanayotaka leseni na ada yake ni kiasi gani. Kadhalika mapato haya ni mapato kama mengine, na TRA wataeleza habari ya kodi.

SHAURI LETU

Kwanza, ufuta usiuzwe kwa ajili ya jambo hili. Ziko blogu zinazofunguliwa bure kwa simu, na kijana anayejua kusoma anaweza kufungua mwenyewe kwa siku moja. Mtu anayetaka magunia mawili kwa kazi hiyo anavuna asipopanda.

Pili, wasomaji kwanza, matangazo baadaye. Mpiga picha Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005, akaweka picha siku baada ya siku, na watu wakazoea kurudi. Kijana wa Chitete aandike anayoyajua kuliko mtu wa Dar es Salaam: kilimo cha ufuta, namna ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na wadudu, taratibu za kuvuka mpaka kwenda Nakonde.

Tatu, asimtegemee dalali wa mbali peke yake. Tuseme wafanyabiashara watatu wa Tunduma, mwenye duka la pembejeo, mwenye nyumba ya wageni na mwenye malori, wanakubali kulipa shilingi 20,000 kila mwezi ili majina yao yaonekane. Hizo ni 60,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitano ni 300,000, nayo inazidi dola 100 kwa viwango vya miaka hii. Ni wasomaji walewale 200, lakini kwa mwenye duka la pembejeo mkulima mmoja wa Momba ana thamani kuliko wasomaji elfu wa ng'ambo. Waandikiane mkataba, na kijana asiwadanganye hesabu ya wasomaji.

Baba amesema kweli kuhusu ufuta. Mama amesema kweli kuhusu kujaribu. Basi kijana ajaribu jioni, akitoka shamba, na magunia yabaki ghalani mpaka bei iwe nzuri.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mwenye bidhaa hulipia ukuta wa barabarani na si ukuta wa porini?
2. Ikiwa kurasa 1,000 huleta nusu dola, na kurasa 800 hufunguliwa kila siku, itachukua siku ngapi kufika dola 100?
3. Ni nani katika kata yenu angeweza kulipia tangazo, na angetaka kuwafikia watu gani?
4. Mtu akija kuwaahidi fedha bila kazi, mtamuuliza maswali gani kabla ya kumpa chochote?

Andikeni majibu yenu, mtuletee. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.