MARATHONI YA KUNGOJA UZEE

Katika nchi yetu ya Kenya, mtu mzima akionekana alfajiri amevaa bukta na raba, anatweta barabarani, watu huuliza maswali mawili tu: ameshinda wapi, au amekimbizwa na nani? Tumewazoea mabingwa hata tumesahau kwamba yuko mkimbiaji wa namna ya tatu, ambaye hajashinda popote wala hakukimbizwa na mtu. Huyu ni mkimbiaji wa ridhaa. Yeye hulipa kiingilio kwa fedha zake, huumia kwa miguu yake, na akirudi nyumbani hana zawadi ila jasho na nishani ambayo kila aliyemaliza amepewa.

Hebu msomaji mpenzi tuende naye Bara, mpaka kata ya Theta, katika jimbo la Juja, pande za Ruiru na Thika. Hiyo ni nchi ya kahawa. Mashamba makubwa ya zamani bado yapo, ingawa mengine yamekwisha katwa viwanja na kujengwa nyumba. Ni mahali palipo mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Mombasa akijaribu kukimbia huko siku ya kwanza, pumzi humwisha kabla ya miguu. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu hushika viatu hata kila kimoja kikawa na uzito wa viwili.

Tumfikirie basi mkimbiaji mmoja wa huko, mtu wa miaka 40, mwenye kazi yake na watoto wake. Jina hatumpi, kwa kuwa yeye si mmoja bali ni wengi. Mtu huyu amejiwekea mpango wa miaka arobaini. Mwaka wa kwanza, kumaliza mbio. Mwaka wa pili, kumaliza kabla waandalizi hawajakunja meza za maji. Mwaka wa tano, kumpita yule mama mnene ambaye kila mara humwacha kwenye mlima na kumwuliza, "Baba, u mzima?" Na mwaka wa arobaini, akiwa na miaka 80, kuwa mshindi wa hirimu yake, kwa sababu wenziwe wote watakuwa wamekwisha acha kukimbia.

Watu hucheka, naye hucheka nao. Lakini hesabu yake si ya kipuuzi hata kidogo.

KUTOKA NAIROBI MPAKA THIKA

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Mji wa Thika, kwa hesabu iliyozoeleka, uko kilomita 42 kutoka Nairobi. Basi mkimbiaji wetu ni kama mtu aliyeshuka mjini Nairobi, akaona matatu za Thika zimejipanga, makanga wakimwita, naye akasema, "Ahsanteni, nitakwenda kwa miguu." Kwa watu wa pwani, ni sawa na kutoka Mombasa mjini, ukapita Mariakani, na bado ukaendelea mbele.

Marehemu Kelvin Kiptum aliimaliza safari hiyo mjini Chicago mwezi wa Oktoba mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Katika muda huo mkimbiaji wetu huwa hajafika hata nusu ya njia, na macho yake yanatafuta meza ya maji.

Sasa tazama hekima ya kungoja. Marathoni ya Boston, kule Marekani, ambayo ilianza mwaka 1897, haimpokei kila mtu. Huweka muda wa kufuzu kwa kila umri. Kwa mbio za mwaka 2026, kijana mwanamume asiyezidi miaka 34 alitakiwa awe amekwisha kukimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 55. Mzee wa miaka 80 na zaidi aliruhusiwa saa 4 na dakika 50. Mkimbiaji wetu hukimbia kwa muda upatao saa 4 na dakika 45. Kwa hiyo, asipozidisha mwendo hata kidogo, bali akazuia tu usipungue, ipo siku miaka yake itamfikisha mahali ambapo miguu yake haikuweza kumfikisha. Taabu ni moja: kuzuia mwendo usipungue kwa miaka arobaini ni kazi ngumu kuliko kuuzidisha kwa miezi minne.

WALIOTANGULIA

Hata hivyo wako waliojaribu. Ed Whitlock, mzee wa Canada, alikimbia marathoni mjini Toronto mwaka 2004 akiwa na miaka 73, akamaliza kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Muda huo ungemfuzisha miongoni mwa vijana wa leo! Mwaka 2016, akiwa na miaka 85, alimaliza kwa muda usiofika saa 4. Na mazoezi yake aliyafanyia wapi? Makaburini, karibu na nyumbani kwake, akizunguka saa nzima nzima. Mwenye kukimbia kila siku mbele ya makaburi hahitaji kukumbushwa kwa nini anakimbia.

Fauja Singh, Mhindi aliyehamia Uingereza, alikimbia marathoni yake ya kwanza mjini London mwaka 2000, umri wake kwa hesabu ya pasipoti ukiwa ni miaka 89. Mwaka 2011, akihesabiwa miaka 100, aliimaliza ya Toronto kwa saa zaidi ya 8. Hakuandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Wazee wengi wa kwetu hapana shaka watamwonea huruma kwa jambo hilo.

Lakini bingwa wa subira ni Mjapani Shizo Kanakuri. Alianza marathoni ya Olimpiki mjini Stockholm mwaka 1912, joto likamzidi, akaingia katika bustani ya watu kupata kinywaji, kisha akarejea kwao kimya kimya. Mwaka 1967 Waswidi walimwita arudi kumaliza. Muda wake ukatangazwa: miaka 54, miezi 8, siku 6, saa 5 na dakika 32. Katikati ya mbio hizo alioa, akazaa watoto, akaona wajukuu.

Wasomaji wengi wanaijua pia habari iliyopokewa na Abu Daud, ya Bibi Aisha kushindana mbio na Mtume (S.A.W.) safarini, akamshinda. Muda ukapita, Bibi akanenepa, wakashindana tena, na mara hii Mtume akashinda, akamwambia kwamba ushindi huo ni malipo ya ule. Marudiano hayo yalingojewa, na hayakuwa na chuki ndani yake.

MZAHA WENYE UZITO

Samuel Wanjiru alileta nishani ya dhahabu ya marathoni kutoka Beijing mwaka 2008. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 24. Kiptum naye alifariki kwa ajali ya gari mwezi wa Februari mwaka 2024, naye alikuwa na miaka 24. Vijana hawa walikuwa na kasi ambayo wengi hawataiota, lakini uzee hawakujaaliwa.

Ndipo mpango wa mtu wa Theta unapoonyesha uzito wake. Akisema, "Nitashinda nikiwa na miaka 80," husema kwa mzaha jambo ambalo mtu huona haya kulisema waziwazi: kwamba anataka kuishi, na akiishi aweze kwenda kwa miguu yake mwenyewe, asiwe wa kushikwa mkono na watoto. Umri ni majaliwa, lakini miguu ni ya kutunzwa.

Na mpango huo si wa Bara peke yake. Aliye na miaka 45 leo, Lamu au Malindi, ana miaka 35 ya kujitayarisha. Aanze taratibu, hata kwa kutembea, na atoke kabla jua la pwani halijapanda. Likishapanda, hata kijana wa miaka 20 hutafuta kivuli.