Jembe halimo kwenye programu ya simu

Programu za simu za kuhesabu kalori huuliza umri, kimo na uzito, kisha huleta swali linalowakwamisha wengi: shughuli zako za kila siku ni nyepesi, za wastani au nzito? Maelezo ya chini huzungumzia siku unazokwenda jimu. Mama wa Kibondo anayelima kwa jembe la mkono hajawahi kukanyaga jimu, basi anachagua "nyepesi". Dereva wa bodaboda wa Kasulu mjini, anayerudi nyumbani usiku huku mgongo unamuuma, anachagua "nzito". Wote wawili wamekosea, na kosa lenyewe si dogo.

Mwili uliolala tuli nao unakula nishati: moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ubongo unafanya kazi. Hicho ni kiwango cha msingi. Wataalamu wa FAO, WHO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa waliokutana Roma mwaka 2001 waliipa kila shughuli namba inayoonyesha inazidi kiwango hicho mara ngapi. Usingizi ni 1. Kukaa na kupiga soga ni 1.4, kupika 2.1, kutembea bila mzigo 3.2, kupanda na kupalilia kwa mkono 4.1, kuchota maji au kutafuta kuni 4.4. Zidisha kila namba kwa saa zake, jumlisha, gawanya kwa 24. Ukipata kati ya 1.40 na 1.69, maisha yako ni mepesi; 1.70 hadi 1.99 ni ya wastani, 2.00 hadi 2.40 ni mazito.

Tumchukue mama wa miaka 35 mwenye kilo 55. Kiwango chake cha msingi ni kama kalori 1,290 kwa siku (kalori hapa ni zile za kwenye lebo za vyakula, yaani kilokalori). Desemba, mvua zimeshika, anakaa shambani saa sita, anatumia saa moja kwa maji na kuni, saa moja jikoni, saa moja kufua na kufagia, saa moja njiani. Ukiongeza kuoga, kula, usingizi wa saa nane na mapumziko, namba yake ni 2.25. Anahitaji kalori 2,900 hivi.

Sasa mtazame Agosti. Mavuno yameingia, shamba limepumzika. Analala saa tisa, anapika kwa nafasi, maji na kuni bado ni saa moja, lakini saa saba anazimaliza ameketi, anachambua maharage au anazungumza na majirani. Namba inashuka hadi 1.62, na mahitaji yake ni kama kalori 2,090. Ni mtu yuleyule, kijiji kilekile, na tofauti inapita kalori 800 kwa siku. Programu inayokuuliza mara moja tu ukijisajili haiwezi kuliona hilo. Hapa kwetu kiwango cha shughuli kina msimu wake, na ubaya ni kwamba jembe zito mara nyingi huangukia miezi ambayo ghala linaelekea ukingoni.

Dereva wa bodaboda naye, kilo 70, miaka 32, kiwango cha msingi 1,676. Jedwali la wataalamu wale linaipa kazi ya kuendesha gari 2.0. Mimi pikipiki naipa 2.5, kwa heshima ya makorongo na vumbi. Lakini kati ya saa zake za kazi, anazoendesha kwelikweli ni kama tano. Zilizobaki yuko kijiweni anasubiri abiria. Ukifanya hesabu unapata 1.59, karibu kalori 2,660. Akijiandika "nzito" kwa 2.0 ataambiwa ale 3,350. Ziada ya 690 ni sawa na gramu 200 hivi za unga wa muhogo kila siku, kabla hujagusa mboga iliyoungwa kwa mawese. Uchovu wake ni wa kweli, ila ni uchovu wa jua, mtikisiko na kukodoa macho, na huo haupimwi kwa kalori.

Wilaya za Kasulu na Kibondo zina mfano mwingine wa jinsi namba hii inavyoamua sahani ya mtu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na ile ya Nduta ilifunguliwa Kibondo. Kipimo ambacho mashirika ya misaada hupangia mgao wa wakimbizi ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, wastani wa rika zote. Ndani yake kuna dhana kwamba watu wazima wanaishi kwa shughuli nyepesi, 1.55. Anayetembea saa nyingi kutafuta kuni amekwisha kuivuka dhana hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Hata hivyo, usiiamini mno hesabu yako. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wanaoishi jirani na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kilomita nyingi kila siku kuwinda na kuchimba mizizi. Walipozingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya Wamarekani na watu wa Ulaya. Inaelekea mwili hubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo namba ya jedwali ni mahali pa kuanzia, na mizani ndiyo inayosahihisha. Andika saa zako za siku tatu za kawaida, mojawapo iwe ya gulio au ya ibada, upate wastani. Jipime asubuhi kabla ya kula, kwa mizani ileile, mara moja kwa wiki. Uzito usipobadilika kwa mwezi, hesabu imekaribia ukweli. Ukibadilika bila kukusudia, rekebisha kwa kalori 200 hivi, kisha subiri tena. Rudia zoezi zima mvua zinapoanza na zinapokatika.

Anayenyonyesha aongeze kama 500 katika miezi sita ya kwanza. Mama yetu wa kilo 55, akiwa na mtoto mchanga mgongoni Desemba, anafika 3,400, na huo si wakati wa kupunguza ugali.