Mgonjwa wa kongosho msimpakulie mlima!

Mpenzi msomaji, wiki hii tuweke pembeni mambo ya mapenzi, tuingie jikoni. Si jiko la pilau na kachumbari, hapana. Ni jiko la mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kongosho.

Kongosho wengi tulilisoma sekondari, tukalijibia mtihani, tukalisahau. Limejificha nyuma ya tumbo na lina kazi mbili: kumwaga vimeng'enya vinavyosaga chakula, hasa mafuta, na kutengeneza insulini ya kuweka sawa sukari ya mwilini.

Operesheni yake kubwa inaitwa Whipple, jina la daktari Allen Whipple wa New York, Marekani, aliyeitangaza mwaka 1935. Hapo kinatolewa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo na sehemu ya mrija wake, pengine hata kipande cha tumbo. Vinavyobaki vinaungwa upya. Sasa mtu wa namna hiyo unamletea hotipoti ya wali maharage, unamsimamia mpaka amalize? Jamani!

Nayasema haya kwa sababu nimemuuguza mjomba wangu. Vijiko vitatu tu, kashiba. Wageni wakanuna, eti mgonjwa anadeka. Baadaye akawa anakula vizuri tu, lakini kilo zinazidi kupukutika. Majirani nao hawakosi la kusema: huyu karogwa, yule ana ngoma.

Kumbe jibu lilikuwa chooni! Choo kimepauka, kinang'aa mafuta, kinanuka kupita kiasi na kinaelea, ukimwaga maji hakiendi. Mzee wa watu aliona aibu kusema. Ile ni dalili kwamba mafuta yanapita bila kusagwa, na yanaondoka na vitamini A, D, E na K. Unakula, mwili haupati kitu.

Daktari alipoambiwa, akaandika vidonge vya vimeng'enya. Taratibu mjomba akaanza kurudisha mwili, na wale wa kurogwa wakanyamaza.

Vidonge hivyo vina masharti. Vinamezwa pamoja na chakula, kuanzia tonge la kwanza. Ukimeza saa moja baada ya kula, kazi bure. Havitafunwi, wala havimezwi na chai ya moto, maana joto linaviharibu. Choo kikiendelea vilevile, rudi kwa daktari aangalie kipimo.

Na hili lisifichwe: vimeng'enya hivyo vinatokana na nguruwe. Kama mgonjwa ni Mwislamu, aambiwe mwenyewe, azungumze na daktari na shekhe wake. Wapo masheikh wanaoruhusu panapokuwa na dharura na hakuna mbadala. Kumwekea kimyakimya si haki.

Tuje kwenye sahani. Badala ya milo 3 mikubwa, mpe 6 midogo. Uji wa ulezi wenye maziwa na karanga zilizosagwa, yai, samaki, kuku, mtori, parachichi. Aanze na kitoweo, kwa sababu protini ndiyo inayojenga mwili na kuponya kidonda. Rundo la mchicha litamshibisha kabla hajapata nguvu. Maji anywe zaidi kati ya mlo na mlo, yasimjaze tumbo.

Wengine wanamkataza mafuta kabisa. Mafuta ndiyo yenye nguvu nyingi ya kurudisha kilo. Kama anameza vimeng'enya vyake na daktari hajakataza, msimnyime.

Soda muwe nazo macho. Kongosho likipunguzwa, kisukari kinaweza kuingia, hivyo sukari ipimwe. Pombe na sigara ni mwiko. Uzito apimwe kila wiki, na uandikwe kwenye daftari ambalo daktari ataliona. Akitapika kila anachokula, akipata homa au macho yakiwa ya manjano, msingoje kliniki, kimbieni hospitali.

Mwisho, wewe unayejiandaa kwenda kumwona mgonjwa: hotipoti tumekushukuru, lakini iache nyumbani. Vidonge vile vinatakiwa kila mlo, na pesa inakatika. Uliza kopo lililopo litaisha lini, kisha changia la mbele.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.