Siti inayopanda na kushuka: jinsi ya kuchagua paipu ya siti ya baiskeli kabla hujatuma pesa

Kati ya baiskeli za milimani za mtumba, unaweza kukutana na moja yenye siti inayoshuka na kupanda kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani. Kifaa hicho kinaitwa dropa. Wengine huinunua peke yake na kuifunga kwenye baiskeli waliyonayo.

Je, inamfaa mtu anayetoka Ukonga kwenda Pugu na Kisarawe kila siku, au anayebeba maziwa kijijini? Na ukimtumia muuzaji wa mjini pesa kwa simu, utajuaje kwamba kitakachofika na basi kitaingia kwenye fremu yako na kitashika?

Kwa nini siti ishuke?

Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka, siti iko kwenye kimo kizuri cha kukanyagia. Ikiwa chini ya hapo, goti linabaki limejikunja na utachoka upesi, hasa ukipandisha vilima vya Pugu ukiwa na mzigo.

Kwenye mteremko mambo yanageuka. Siti ikiwa juu, ukibana breki ya mbele ghafla, au gurudumu likitumbukia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, unaweza kurushwa juu ya usukani. Siti ikishuka, unapata nafasi ya kurudisha mwili nyuma na kutua mguu chini haraka.

Wazo hili si geni. Mwaka 1984 Wamarekani Joe Breeze na Josh Angell walitengeneza springi ndogo iliyoitwa Hite Rite. Mwendeshaji alilegeza siti kwa mkono ikashuka, na springi ikairudisha juu. Mwaka 2022 Matej Mohorič wa Slovenia alishinda mashindano ya Milan–San Remo nchini Italia akiwa na dropa kwenye baiskeli ya lami. Aliwaacha wenzake kwenye mteremko wa mwisho.

Inafanyaje kazi?

Dropa ni paipu mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje inafungwa kwenye fremu. Ya ndani, inayong'aa, ndiyo inayobeba siti. Ndani yake, kwa dropa nyingi, kuna hewa au gesi iliyobanwa pamoja na mafuta, mfano wa shokapu ya pikipiki. Ukibonyeza kitufe, valvu inafunguka. Ukiikalia siti inashuka, ukiinuka inapanda yenyewe. Ukiachia kitufe, inabaki pale pale.

Zipo zinazofunguliwa kwa waya, na zipo zinazofunguliwa kwa mafuta yanayopita kwenye mpira mwembamba. Chagua ya waya. Fundi anayejua kubadilisha waya wa gia ataiweza. Ya mafuta inahitaji kutolewa hewa kwa vifaa maalumu, na fundi wa kijijini mara nyingi hana.

Angalia pia fremu yako. Kama haina tundu la kupitishia waya ndani, tafuta dropa ambayo waya wake unapita nje.

Kipimo kwanza

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, iwe ni dropa au paipu ya kawaida. Unene wa paipu lazima ulingane na tundu la fremu. Vipimo vya kawaida kwenye baiskeli za milimani ni milimita 27.2, 30.9 na 31.6. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini paipu nene haitaingia, na nyembamba itazunguka na kuzama.

Chomoa paipu yako ya sasa na uifute. Mara nyingi kipimo kimegongwa karibu na ncha ya chini. Piga picha namba hiyo. Kama imefutika, mwombe fundi apime kwa kalipa.

Ukiwa mbali na fundi, zungusha uzi mara moja kwenye paipu, kisha unyooshe kwenye rula. Milimita 85 ni sawa na paipu ya 27.2. Milimita 97 ni ya 30.9, na 99 ni ya 31.6. Uzi unakupa makadirio tu, kwa hiyo thibitisha kabla ya kulipa.

Angalia pia kama paipu ya sasa imezungushiwa kipande cha kopo la soda ili ibane. Kama ndivyo, hiyo paipu si saizi ya fremu yako, na kuipima hakutakusaidia. Pima tundu la fremu lenyewe.

Kwa dropa, pima vitu viwili zaidi. Kwanza, ingiza kijiti kwenye tundu la fremu uone kinafika wapi kabla ya kugota, kwa sababu sehemu ya chini ya dropa ni ndefu. Pili, weka siti kwenye kimo chako na upime kutoka reli za siti hadi mdomo wa fremu. Ukipata sentimita 15, dropa inayoshuka sentimita 15 itakuwa ndefu kwako, maana kichwa na kola yake vinaongeza sentimita kadhaa.

Mwombe muuzaji video

Dropa iliyotumika usiinunue kwa picha peke yake. Omba video moja isiyokatwa, inayoonyesha mambo haya:

1. Mtu anaikalia, inashuka hadi mwisho. Anainuka na kubonyeza kitufe, inarudi juu yenyewe bila kuvutwa.
2. Anaisimamisha katikati, anaachia kitufe, kisha anaikalia kwa uzito. Ikididimia kama sponji, ndani imeshaharibika.
3. Anashika pua ya siti na kuizungusha kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida. Kucheza sana au kugonga ni dalili ya uchakavu.
4. Anafuta paipu inayong'aa kwa kitambaa cheupe. Mafuta yanayovuja, au mkwaruzo unaonasa kwenye ukucha, ni sababu ya kuiacha.

Mkubaliane mapema kwa maandishi kwamba isipoingia utairudisha, na nani atalipa nauli ya mzigo.

Usivuke alama

Kila paipu nzuri ya siti ina mstari unaoonyesha mwisho wa kuichomoa. Mstari ukionekana nje ya fremu, umepita kiasi. Paipu inaweza kupinda au kukatika ukiwa umekaa, au fremu ikapasuka pale bomba la juu linapoungana na la siti. Kama paipu haina alama, hakikisha sentimita 10 hivi zimebaki ndani, na ncha imepita chini ya maungio hayo. Mtu mrefu anunue paipu ndefu, asiivute fupi.

Je, unaihitaji?

Kwa anayebeba mkaa, kuni au madumu, jibu letu ni hapana. Wengi hufunga mzigo kwa kamba au mpira kwenye paipu ya siti. Kamba hiyo ikikaa kwenye paipu inayong'aa ya dropa, mchanga unaikwaruza, sili inachanika na gesi au mafuta yanaanza kuvuja. Dropa mpya inaweza pia kufikia bei ya baiskeli nzima ya mtumba.

Kwake yeye inatosha paipu ya kawaida ya saizi sahihi, yenye kibano cha mkono badala ya nati. Unasimama juu ya mteremko, unafungua, unashusha siti, unafunga. Chora alama ya kimo chako kwenye paipu ili ukifika chini uirudishe bila kubahatisha.

Dropa inamfaa anayepanda na kushuka mara nyingi kwa njia mbovu bila mzigo kwenye siti, kama waongoza watalii na wanamichezo, na ambaye fundi wake ameshawahi kuifungua.

Kuitunza

Paipu ya kawaida ya alumini ndani ya fremu ya chuma hugandana ikiachwa miaka. Ichomoe kila baada ya miezi michache, ifute na kuipaka grisi kidogo. Dropa ifutwe vumbi kila jioni kwa kitambaa kikavu. Usiimwagie petroli, mafuta ya taa wala oili chafu, maana vitu hivyo huharibu sili au kukusanya mchanga. Usikaze kibano chake kupita kiasi, kwa sababu paipu ya nje ikibanwa sana, ya ndani inakwama. Na siti ikiwa chini, usiinue baiskeli kwa kuishika siti. Ishike kwenye fremu.

Kabla ya kutuma pesa, basi, uwe na mambo matatu kwenye simu yako: picha ya kipimo, video ya majaribio, na ujumbe wa makubaliano ya kurudisha. Muuzaji akikataa kukutumia video, tafuta mwingine.