PAMPU YA BWAWA INAPOGOMA KUWAKA



Katika mahoteli yetu mengi hapa Uganda, mtunza bwawa la kuogelea ndiye huyo huyo mfagiaji na mwenye kumwagilia bustani. Asubuhi pampu ikikataa kuwaka, yeye ndiye huitwa: "Fanya ufanyavyo, wageni wanataka kuogelea." Hakuna anayeuliza kama amepata kufundishwa kazi ya umeme. Kwa hiyo tumeona tueleze mambo ambayo mwenzetu huyo anaweza kuyatazama mwenyewe, na mahali anapopaswa kuweka bisibisi chini.

Kwanza sikiliza. Washa swichi mara moja tu, utege sikio. Pampu iliyo kimya kabisa na pampu inayovuma bila kuzunguka zina magonjwa mbalimbali.

Ikiwa kimya, yaelekea umeme haufiki kwenye mota. Tazama taima: saa ya taima ya zamani husimama kila umeme unapokatika, ikabaki nyuma kwa muda huo huo. Wako walioita fundi na kumlipa, kumbe pampu ilikuwa nzima, inangojea saa yake tu. Kisha tazama breka, bila kufungua kifuniko cha ndani cha boksi la swichi. Kama mota ina moto, huenda imejizima yenyewe, kwani mota nyingi zina kifaa kinachokata umeme joto likizidi na kuurudisha ikipoa. Zima swichi kwanza, maana itawaka tena bila kukuuliza. Iache ipoe nusu saa, ukaondoe majani na magunia yanayoziba nafasi za hewa. Sisimizi na mijusi pia huingia katika boksi la swichi wakazuia vyuma visikutane, lakini kuwatoa humo ni kazi ya fundi umeme.

Ikiwa inavuma bila kuzunguka, izime upesi. Ukiiacha hivyo, waya za ndani huungua, na tunajua baadhi ya waajiri watataka kumkata nani mshahara. Huenda kokoto au kibanio cha nywele kimekwama kwenye mapanga ya pampu, au beringi zimeshika kutu. Huenda pia ni kapasita, kile kikopo kinachoipa mota ya fezi moja msukumo wa kuanza. Meni swichi ikiwa imezimwa na kutiwa kufuli, ufunguo ukiwa mfukoni mwako, mhimili unaweza kujaribiwa kwa mkono upande wa feni. Ukizunguka kwa urahisi, shuku kapasita, lakini usiiguse: huweka umeme ndani yake hata baada ya meni swichi kuzimwa. Mota kubwa ya fezi tatu ikivuma hivyo, pengine fezi moja imepotea, mwite fundi. Na ile desturi ya kusukuma feni kwa kijiti umeme ukiwa umewashwa, iacheni kabisa.

Sasa tufike penye hatari yenyewe. Ukiwasha na breka ikaanguka papo hapo, usiirudishe mara ya pili na ya tatu. Breka haigomi bila madai. Hasa ile breka ya kuzuia shoti, ambayo kwa kawaida hukata umeme unapovuja miliampea 30. Taa ya wati 60 hutumia kama miliampea 250, yaani zaidi ya mara nane ya hapo. Umeme mdogo kuliko wa taa hiyo unatosha kumuua mtu aliyelowa maji. Mota iliyoingia maji huvujisha umeme kwenye chuma na bomba. Ukiunganisha waya kuiruka breka hiyo, pampu itawaka kweli, nawe umewaweka watoto wa wageni na nafsi yako mahali pa kungojea ajali.

Pampu ikisimama, zima pia mashine ya kutia klorini na asidi. Zikikutana ndani ya bomba lisilopitisha maji, hutoa hewa ya sumu inayowarukia waogeleaji pampu ikiwaka tena. Watu watoke majini mpaka ipone.

Mkubwa akikulazimisha kuiruka breka, unayo haki ya kukataa. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, alindwe asipate madhara kwa uamuzi huo. Mwaka 2022 Shirika hilo liliweka usalama kazini miongoni mwa haki za msingi ambazo nchi zote wanachama hupaswa kuziheshimu. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini, iliyotungwa 2006, nayo inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake.

Lakini haki bila maandishi ni ngumu kuidai. Andika kwenye daftari la bwawa saa pampu iliposimama, ulichosikia, breka ipi ilianguka, ulimwarifu nani naye alikujibu nini. Nakala moja mpelekee katibu wa tawi siku hiyo hiyo, kabla fundi hajafika.