Kiraka kidogo, hasara kubwa

Wafanyabiashara wengi wanaovuka Rusumo na Kobero siku hizi wana simu za Android mfukoni, na fedha zao zimo humo humo. Wachache wanajua kuwa chini ya simu hizo umo mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Moyo wa mfumo huo, yaani keneli, ndio unaozungumza na kamera, spika na kadi ya mtandao. Kila kifaa kina mkalimani wake, ambaye mafundi humwita draiva. Zaidi ya nusu ya msimbo wa Linux ni wakalimani hao.

Programu ya kawaida ikiharibika hufungwa ikafunguliwa tena. Draiva hukaa ndani ya keneli yenyewe. Ikiandika mahali isipopaswa, mashine nzima huweza kuganda.

Ndiyo maana badiliko haliingii hivi hivi. Mwandishi hulituma kwa barua pepe kwa msimamizi wa sehemu ile, akieleza kwa nini linahitajika, na wengine hulisoma mstari kwa mstari hadharani. Je, kumbukumbu iliyokopwa imerudishwa? Hatua ya tatu ikishindikana, mbili za kwanza zimetenguliwa? Urefu uliotajwa na kifaa umepimwa, au umeaminiwa tu? Mara nyingi kiraka hurudishwa, kikaja tena toleo la pili, la tatu, la tano. Mimi mwalimu nimesahihisha madaftari miaka mingi, lakini ukali huo unanizidi.

Tangu 2004 kila anayekiandika au kukipitisha hutia jina lake chini. Sisi tunaojua jinsi gunia linavyopita mikono mitano kabla ya kufika sokoni tunaelewa faida yake: likikutwa na mchanga, unajua pa kuanzia kuuliza.

Hata hivyo macho mengi hayatoshi. Mwaka 2008, toleo 2.6.27 likiwa bado kwenye majaribio, baadhi ya kadi za mtandao za Intel zilianza kufa. Kumbukumbu ya kudumu ndani ya kadi ilikuwa ikiharibiwa. Lawama zikaiangukia draiva yake, e1000e, na kikaandaliwa kiraka cha kuifunga kumbukumbu hiyo isiandikwe. Kumbe mkosaji alikuwa mwingine kabisa: ftrace, chombo cha kufuatilia mwenendo wa keneli. Kilikuwa kikirekebisha msimbo kwenye anwani ambayo msimbo wake ulikwisha kuondolewa, na nafasi ile imekwisha kupewa kadi. Oktoba mwaka huo 2.6.27.1 ikatoka, ikizima sehemu hiyo. Mkaguzi wa draiva angeisoma hadi usiku wa manane asione kosa, kwa sababu halikuwamo.

Hiyo ilikuwa ajali. Lililofichuka mwaka 2021 halikuwa ajali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walikuwa wametuma viraka vyenye kasoro makusudi ili kuwapima wakaguzi. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu, akakizuia chuo kizima kuchangia. Watafiti waliomba radhi. Wapo waliosema walitoa funzo. Mimi sikubaliani nao. Afisa wa mpakani anaweza kupimwa kwa mzigo wa uongo, lakini mkuu wake lazima ajue. Hapa hakuna mkuu aliyejulishwa, na mamia ya viraka vya zamani vya chuo hicho ikabidi visomwe upya, kimoja kimoja. Vingi vilikutwa vizuri.