Kompyuta Kuukuu Inaponguruma na Kuganda: Hatua za Kuchukua Kabla ya Kununua Nyingine

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya kompyuta iliyoelemewa na joto ni muungurumo wa feni. Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika katika steshenari, shule, ofisi za vijiji na vikundi vya wajasiriamali zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine kwa miaka kadhaa. Mojawapo inapoanza kuganda, hasara humfikia mwananchi: maombi ya mkopo wa elimu ya juu hukwama siku ya mwisho, mtihani wa muhula hushindwa kuchapwa, na hesabu za marejesho ya kikundi hupotea. Wengi huamini kwamba mashine imekwisha kufa, wakaanza kutafuta fedha za nyingine. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni vumbi, na dawa yake ni brashi na saa moja ya kazi.

Kazi ya kwanza ni kunakili mafaili

Kabla ya kufungua chochote, mtumiaji anakili mafaili yote muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Sababu ni kwamba kuganda hakusababishwi na joto pekee. Huenda diski kuu inayotunza mafaili ndiyo inayochakaa. Sauti husaidia kutofautisha. Mvumo kama wa upepo hutoka kwenye feni. Mlio wa kugongagonga au kukwaruza kutoka ndani ni ishara ya diski kuharibika. Ukisikika, kompyuta izimwe na ipelekwe kwa fundi, kwa kuwa kila kuiwasha tena kunaweza kupunguza uwezekano wa kuyaokoa mafaili.

Kwa nini feni hupiga kelele

Kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, huzalisha joto jingi mahali padogo. Mfano ni Dell OptiPlex 7010, aina iliyoingia sokoni mwaka 2012. Baadhi ya vichakataji vyake vimekadiriwa kutoa joto la hadi wati 77, sawa na balbu ya zamani ya wati 75, ilhali kipande chenyewe hakizidi ukucha wa kidole gumba. Joto hilo hupokewa na chuma chenye mapezi mengi membamba, kisha feni hulipuliza nje. Vumbi linapoziba mapezi, hewa haipiti, na feni hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Joto likizidi kupanda, kichakataji hupunguza mwendo wake ili kisiungue. Likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kompyuta huweza kujizima yenyewe.

Kati ya kichakataji na chuma hicho hupakwa mafuta mazito ya kupitisha joto, ambayo mafundi huyaita pesti. Baada ya miaka kadhaa hukauka na kupoteza nguvu. Kuyabadilisha ni kazi ndogo kwa fundi mzoefu.

Namna ya kusafisha

Kompyuta izimwe na waya wa umeme uchomolewe. Kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Kisanduku kipelekwe nje, mfuniko ufunguliwe, na msafishaji aguse chuma cha kisanduku kabla ya kugusa vifaa vya ndani, ili umeme tuli wa mwilini usiviharibu. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu au kwa blowa. Panga za feni zishikwe kwa kidole zisizunguke wakati wa kupuliza. Maji na kitambaa chenye unyevu visitumike.

Sanduku dogo la chuma linaloingiza umeme lisifunguliwe hata kidogo, kwani hutunza umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Baada ya kusafisha, kompyuta iwekwe juu ya meza badala ya sakafuni, na upande wake wa nyuma usibanwe na ukuta.

Ikiendelea kuganda

Muda wa kuganda hueleza mengi. Kompyuta inayoganda baada ya nusu saa huku feni ikivuma kwa nguvu huenda bado ina joto. Inayoganda mara tu baada ya kuwashwa, ikiwa ya baridi, ina tatizo jingine. Mtumiaji wa Windows abonyeze kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc ili aone kinachoelemea mashine. Kumbukumbu ya muda ikiwa imejaa, programu zisizohitajika zifungwe au kumbukumbu iongezwe. Diski ikionyesha asilimia 100 kwa muda mrefu bila kazi kubwa, fundi aipime. Kubadilisha diski ya kuzunguka kwa ile isiyo na sehemu zinazozunguka, yaani SSD, huipa mashine kuukuu kasi inayoonekana. Fundi aangalie pia kapasita zilizovimba kwenye bodi kuu. Hizo husababisha kuganda ambako usafi hauwezi kukutibu.

Wakati wa kuacha kutengeneza

Kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta za umri wa OptiPlex 7010 hazimo katika orodha rasmi ya zinazokubali Windows 11. Mashine ya namna hiyo bado inaweza kuchapa barua, au kuwekewa mfumo wa bure wa Linux; lakini ikibaki na Windows 10 isiyopokea tena masasisho ya usalama, haifai kutunza taarifa za wateja au wanakikundi. Bodi kuu inapoharibika, gharama ya matengenezo ilinganishwe na bei ya mashine nyingine kabla ya fedha kutolewa.

Kompyuta inayoachwa isichomwe moto wala kutupwa shimoni, kwa kuwa ina madini ya risasi na sumu nyingine zinazoingia katika udongo na maji. Diski itolewe au ifutwe kabisa kwanza, kisha mashine ikabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali.